Kiondo cha Daktari wa Bima

Mimi kukaa ni shida. Hata kanisani huwa natafuta benchi la karibu na mlango, na asubuhi ile ya kumpeleka mama kwa daktari wa bima niliamka tayari nimewaka. Pikapu ya kubeba chakula cha ng'ombe ilikuwa imerudi nyuma sokoni Karatina ikamgonga, ikamvunja mkono wa kushoto karibu na bega. Mwenye gari alikubali kosa. Kilichobaki ni fidia, na wakili wetu alikuwa ameniambia wazi: gharama za hospitali zina risiti, hizo hazina neno. Kazi ni kumshawishi hakimu kwamba mama hawezi tena kuchuma kahawa yake, ili alipwe pesa za kuandika mtu wa kumchumia.

Nafika kwake, namkuta amejaza kiondo ndizi, maparachichi na viazi vitamu.

"Ni za nani?"

"Za daktari."

"Mama, huyo daktari si wetu. Bima imemtuma aseme wewe huumwi."

"Si ni mtu tu? Wewe unataka niende kwa mtu mikono mitupu, ati kwa sababu ametumwa?"

Tulibishana mpaka Nyeri mjini. Chini ya ngazi za lile jengo akaninyooshea kiondo. "Nishikie kidogo tupande." Nikamwambia sishiki, zawadi ni yake, abebe mwenyewe. Nilisema hivyo, mtu mzima na akili zangu. Kisha nikatangulia mbio, nikichezesha funguo za duka langu mfukoni, maana tulikuwa tumechelewa.

Nilipogeuka, mama alikuwa anafika mlangoni kwa daktari, na kiondo alikuwa amekihamishia mkono wa kushoto, ule mbovu. Uso ulikuwa umemkunjamana kwa maumivu. Lakini kwetu mtu wa heshima husalimiwa kwa mkono wa kulia, na wa kulia alikuwa ameuacha wazi kwa ajili ya daktari. Yule daktari, mtu mpole tu, akampa mkono, akashukuru sana, akauliza kama amekibeba mwenyewe tangu chini.

"Mwenyewe kabisa," mama akasema, na akafurahi kwamba ameulizwa.

Ripoti ilipotoka, hayo ndiyo yaliyoandikwa: mgonjwa alipanda ngazi akiwa na kikapu kizito kwa mkono ulioumia. Wakili akanipigia simu. Akaniuliza, wewe ulikuwa wapi? Nikamdanganya kwamba nilibaki chini nikiongea na simu. Aibu, badala ya kunitoa ukweli, ikanitoa uongo.

Wiki zile sikulala vizuri. Nilifagia duka mara mbili, mara tatu kwa siku. Nilienda kwa mama nikitaka kumwambia, ukiulizwa kortini, sema ni mimi niliyekataa kukushikia. Nikifika naongea habari za mvua, nakunywa chai, narudi.

Siku ya kesi mama alijifunga kichwani kitambaa chake cha Jumapili. Wakili wa bima alimuuliza kwa adabu kabisa kama kweli alibeba kile kiondo. Akasema ndiyo.

"Na kama mkono ulikuwa unauma hivyo, mama, kwa nini hukumpa mtu akubebee?"

Mama akanitazama pale kwenye benchi. Nilijua hapo ndipo kesi yote ilipo. Aseme tu, nilimpa mtoto wangu akakataa, na hakimu ataelewa kwamba ule mkono haukubeba kwa kupenda.

"Sikuwa na mtu," akasema.

Nikainuka nusu. Karani akanionyesha kwa mkono nikae. Nikakaa. Mimi nisiyejua kukaa, siku hiyo nikakaa mpaka mwisho.

Hukumu ilikuja. Akapewa ya hospitali na ya maumivu. Ya mtu wa kumchumia kahawa hakimu aliikataa, kwa sababu anayeweza kubeba mzigo ule mwenyewe, bila msaada wa mtu, anaweza pia kuchuma. Mama alimshukuru wakili wetu, halafu akaenda akamsalimia na yule wa bima, kwa mkono wa kulia.

Sasa Jumamosi nafunga duka mapema naenda kumchumia. Yeye hukaa kwenye kivuli cha jikoni akichagua mbivu na mbichi kwa mkono mmoja. Debe likijaa nalibeba kabla hajaligusa. Tunaongea mambo mengi, lakini mpaka leo hajaniuliza kwa nini nilikaa.