Dakika Ishirini za Shemeji

Mtaani walimwita Mama Moyo, na usidhani ni kwa heshima. Miaka kumi na minane alikuwa fundi wa pampu za visima, mikono imejaa grisi. Siku aliposema ametengeneza pampu ndogo kama ngumi ya mtoto, ya kuusaidia moyo mgonjwa kusukuma damu, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Wa mabomba huyo anataka kuingia vifuani mwa watu! Lo!" Aliwasikia wote, na hakumsamehe hata mmoja.

Aliyemwamini ni shemeji yake, mume wa dada yake, aliyempa mtaji na chumba cha karakana nyuma ya ofisi yake. Kumwamini, nasema? Mtu yule aliamini faida tu.

Sharti la kibali cha kuiuza lilikuwa moja: pampu isukume maji ndani ya tangi siku tisini mfululizo. Ikisimama, hesabu inaanza upya. Siku ya tisini asubuhi, mkaguzi akiwa njiani, Mama Moyo alisoma saa inayohesabu muda ambao pampu inafanya kazi. Ilikuwa pungufu kwa dakika ishirini. Akasoma tena.

"Shemeji! Nani kagusa tangi langu?"

Shemeji alitokea mlangoni anafunga tai. "Jana ulipotoka, wanunuzi walitaka kuishika. Watu hawanunui kitu kwenye maji kama samaki. Nikaitoa, wakaiona, nikairudisha. Kwani imekufa?"

"Umenivunjia siku tisini!"

"Punguza sauti. Wanunuzi wanaondoka kesho. Weka sahihi yako kwenye fomu ya mkaguzi, ufunge mdomo."

"Sahihi ya uongo siweki."

"Huna shukrani! Bila mimi ungekuwa bado unazibua visima."

"Na bila mimi ungekuwa unauza nini? Tai?"

Hapo mkaguzi akabisha hodi. Akakagua tangi, akafungua fomu, akauliza kama ilivyo desturi, "Pampu imefanya kazi bila kusimama?"

"Bila kusimama," shemeji akadakia.

"Jana ilisimama dakika ishirini," alisema Mama Moyo. Alijua anachokitupa.

Shemeji akacheka kwa nguvu. "Dakika ishirini tu, mheshimiwa! Ndiyo nini?"

"Basi ziba pua na mdomo hizo dakika ishirini, shemeji. Tuko hapa, tunakusubiri."

Mkaguzi akachora mstari juu ya fomu nzima, pembe hadi pembe. Shemeji akamnyooshea Mama Moyo kidole. "Leo leo utoke kwangu. Wewe na ndoo yako ya maji! Na dada yako asije kunililia!"

Mama Moyo alichomoa waya ukutani, pampu ikanyamaza, akaitoa tangini, akaanza kukausha mikono.

"Naomba fomu mpya, mheshimiwa," alimwambia mkaguzi. "Mahali pa anwani usiandike kitu kwanza."