Maiti Juu ya Meza ya Pool

Ukimuuliza Zabron Kihwele anafanya kazi gani, atakwambia anaziba pancha Iyunga, Mbeya, upande wa malori yanayoelekea Tunduma. Ukimuuliza tena, kwa heshima kidogo, ndiyo atakwambia ile kazi ya pili: mchekeshaji. Na hapo ole wako ucheke kabla hajasema kitu.

Kazaliwa Mgololo, baba yake kibarua wa kiwanda cha karatasi. Shule aliachia form two na hataki mtu amwonee huruma. "Sikufeli," huwa anasema akipanda jukwaani. "Mwalimu alisema wanaopiga kelele waandikwe majina. Monita akaniandika mimi mpaka karatasi zikaisha. Mgololo! Kwenye kiwanda cha karatasi!"

Kuchekesha hakujifunzia kwenye simu. Alijifunzia msibani. Pale Mgololo makabila yamechanganyika, na Wahehe na Wangoni ni watani tangu enzi za mababu waliopigana mpaka wakachoka. Akifa Mngoni, shangazi yake Zabron, Faustina, Mhehe, alikuwa anaingia kaburini kabla ya jeneza na kulala chali. "Sitoki! Mpaka mseme ukweli, huyu marehemu alikuwa mchoyo wa chumvi!" Mjane analia, mjane anacheka, vyote kwa uso mmoja. Mpaka wafiwa watoe chochote cha kumkomboa, ndiyo shangazi anatoka anajipangusa vumbi. Na hakuna aliyemkasirikia. Ukimkasirikia mtani umejiaibisha mwenyewe.

Hicho ndicho Zabron alichokuja nacho Mbeya. Akamfuata Mzee Vitus Mbawala, Mngoni wa Songea mwenye baa mkabala na pale anapozibia pancha, akamwomba kona moja ya kuchekeshea, kila Alhamisi saa kumi na moja jioni. Siku ya kwanza walikuja wanne, wawili kati yao walifuata nyama choma. Zabron hakujali. Sheria aliyoweka ilikuwa moja: anayepanda anasikilizwa dakika tano, hata akiwa mbovu kama barabara ya Makongolosi wakati wa masika. Baada ya mwaka na nusu kona ilikuwa inajaa. Walikuja mafundi, wasusi, makondakta, mpaka jamaa mmoja alitoka Iringa na basi kwa ajili ya dakika zake tano, akaharibu, akarudi tena mwezi uliofuata, akaharibu kidogo kuliko mwanzo, wakampigia makofi.

Kwa Zabron, Alhamisi ilikuwa siku pekee ambayo watu wanamsikiliza bila kumwambia apandishe jeki.

Jumatano moja Mzee Vitus akamwita kaunta.

"Kijana, kesho hakuna vichekesho. Naleta meza ya pool, inakaa pale konani."

"Mtani, na sisi?"

"Nyinyi mnanitia hasara. Mtu anayecheka hanywi. Mdomo ni mmoja, kazi moja."

"Basi tupe japo wiki moja tujipange."

"Hata babu zako waliwaomba babu zangu wiki moja."

"Mzee, babu zako ndiyo walikimbia!"

"Walikimbia kuwafuata nyinyi mliotangulia kukimbia. Nenda kazibe pancha."

Baa nzima ikacheka, na Zabron akatoka kichwa kimemchemka. Usiku ule hakulala. Nyumbani kwao walishamwambia kuchekesha siyo kazi. Kona ikifa, watakuwa wamesema kweli.

Kesho yake saa kumi Canter ikashusha meza. Vijana wanne wakaiingiza wakihema kama wamebeba lori. Ile wanaifuta vumbi tu, Zabron akaingia na ovaroli lake la grisi, akavua kandambili, akapanda juu ya kile kitambaa cha kijani, akalala chali, mikono kifuani, macho kafumba.

"We! Kitambaa kipya hicho!" Mzee Vitus akaja mbio. "Una wazimu?"

"Kuna msiba, mtani."

"Kafa nani?"

"Kona. Na mimi ndiyo mtani wa marehemu. Hapa sitoki."

Wanywaji wakaacha chupa. Vijana wa Alhamisi nao walishaanza kufika, wakasimama mlangoni hawaelewi waingie au wavue kofia. Mzee Vitus akataka kumvuta mguu, lakini mzee mmoja wa pembeni akakohoa. "Vitus, mtani havutwi mguu. Huko kwenu Songea hamjui?"

Akajua. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa elfu tano, akaiweka juu ya kifua cha Zabron, kama desturi inavyotaka.

Zabron hakufumbua macho. "Maiti haina mfuko. Nataka Alhamisi."

Akaongeza elfu tano. Zabron akazipuliza, zikaanguka chini. Mzee Vitus akamwangalia yule kijana, akaanza kutabasamu, na tabasamu la Mngoni mbele ya Mhehe siyo dalili nzuri.

"Sawa. Nimekubali, amekufa. Sasa nyie vijana, tangu lini maiti ikalazwa baa? Bebeni tukazike!"

Wale wanne walioleta meza wakambeba juujuu, wawili miguu wawili mabega, baa nzima nyuma inaimba wimbo wa mazishi huku imevunjika mbavu. Wakamvusha barabara, wakamtua juu ya matairi ya trekta pale kwenye kijiwe chake. Mzee Vitus akamrushia kandambili zake. "Pumzika kwa amani, mtani!" Wakarudi, geti la baa likafungwa.

Zabron akabaki amelala anaangalia mawingu ya Mbeya. Kapigwa kwa silaha yake mwenyewe. Na hana hata haki ya kukasirika.

Kivuli kikamfunika usoni. Alikuwa Eveline, msusi, binti wa Tukuyu, mmoja wa wale wanne wa siku ya kwanza.

"Umekufa kweli au?"

"Niache."

"Kama umekufa, hotuba nasoma mimi." Akapanda juu ya tairi la pembeni, akageukia vijana wa Alhamisi waliobaki nje. "Ndugu wafiwa! Marehemu kona alikuwa mvumilivu. Alimsikiliza Amos mara kumi na nne, stori ileile ya mbuzi, na hakuwahi kubomoka!"

"Mara kumi na mbili!" Amos kondakta akalalamika, akapanda kujitetea, na kujitetea kwake kukageuka stori ya mbuzi, ya kumi na tano. Maiki hakuna. Rabson, anayeuza dawa ya panya akitangaza kwa kispika cha mkononi, akakitoa. Katikati ya utani wa mtu kinajiwasha chenyewe: "Panya! Mende! Kunguni! Wote wanakufa!" Watu wakaanguka. Lori la kwanza likapunguza mwendo. La pili likaegesha kabisa, dereva akashuka na chai yake.

Zabron akakaa. Haiwezekani maiti ilale watu wanacheka bila yeye.

Hapo ndipo akajitokeza Batuli. Anauza vitumbua karibu na msikiti, beseni kichwani, mtandio umebana kidevu. Zabron anamjua kwa vitumbua tu.

"Na mimi nina dakika tano?"

"Wewe?"

"Mwaka mzima nawasikiliza nikiwa nyuma ya ukuta wa bati wa baa. Unadhani nani alikuwa anacheka kule? Mimi baa siingii, mama atanichinja. Lakini hapa ni barabarani. Na isitoshe ni msiba, msiba hauna haramu."

Akatua beseni, akapanda. "Assalam aleikum. Wenye madeni ya vitumbua msiitikie, nisije nikawajua kwa sauti." Walioanza kuitikia wakafunga midomo ghafla. Zabron mwenyewe akameza salamu yake. Halafu kicheko kikapasuka, mpaka geti la baa likafunguka, vichwa vikachungulia.

Alhamisi iliyofuata wakawa palepale. Na nyingine. Wakaja wanakwaya wa Kilutheri, wakaja wanafunzi wenye sare zao, akaja bibi mmoja wa Kisafwa anayekaa mbele na hacheki kabisa, ila hakosi. Alhamisi ya nne Mzee Vitus akavuka barabara mwenyewe.

"Mtani, nimeshindwa. Pool inachezwa na watu wawili, wanakunywa soda moja na mirija miwili. Rudini. Kona yenu, spika yangu, maiki yangu."

Zabron alikuwa ameiota sentensi hiyo. Aliiota akiwa amelala, akiwa anapampu matairi, akiwa anaoga. Akaliangalia lile geti. Akamwangalia Batuli, aliyekuwa anahesabu kwa vidole vitu vyake vya kusema, na wale wanafunzi, na wale wa kwaya.

"Mzee, asante. Hatuji."

"Umesemaje?"

"Hawa wote kwako hawaingii. Nikirudi mimi, wao wanarudi nyuma ya bati."

"Wewe Mhehe mbishi wewe! Hapa kuna moshi wa malori, kuna kelele!"

"Tutapaza sauti."

"Na mvua? Mbeya hii, kijana! Mvua je?"

"Itanyesha, mtani. Tutalowa. Kama roho inakuuma sana tuletee viti. Ukumbi baki nao."

Mzee Vitus akaguna neno la Kingoni ambalo halihitaji tafsiri, akaondoka. Viti hakuleta. Tone la kwanza likaanguka juu ya tairi, la pili juu ya kichwa cha Amos, na hakuna aliyenyanyuka. Zabron akampa Batuli kile kispika cha panya na mende.

Lori la Tunduma likapita likipiga honi ndefu, likalimeza neno la kwanza la Batuli. Akasubiri lipite. Lilipopita, akaanza upya.