Kayaki Kwenye Korido

Alikuwa msoma mita wa maji, na mtaa mzima ulimwita Kiguu na Njia. Asubuhi ungemwona anaruka mfereji nyuma ya shule, mchana yuko ng'ambo ya reli, amechuchumaa kwenye nyasi za mtu anafuta tope kwenye kioo cha mita kwa kidole gumba. Alijua mbwa yupi ana kelele tu na yupi anauma kimyakimya. Wasichana wa kazini, nusu ya umri wake, walimkimbilia nyuma wakihema.

Kilichomwangusha kilikuwa lengelenge. Kiatu kipya kilimchubua kidole cha mguu, naye hakujali, kwa kuwa hakulisikia. Sukari ilikuwa imeshaanza kumla mishipa ya fahamu. Madaktari walianza na kidole, wakapanda kwenye wayo, mwishowe wakakata mguu wa kushoto juu ya goti. Aliporudi nyumbani, watu wenye adabu zao waliacha kumwita Kiguu na Njia. Walimwita mama, tena kwa sauti ya chini, kama waliokuja msibani. Wifi yake peke yake aliendelea na jina la zamani, maana wifi hakuzaliwa na breki mdomoni, na kwa hilo tu mama alimpenda zaidi.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mwenye kibanda pembeni mwa soko. Mke alipotoka hospitali, fundi alifunga kibanda akahamishia cherehani sebuleni, ili awe karibu. Hakuna aliyemlazimisha. Maji ya kunywa yalifika kabla kiu haijafika. Mto uliwekwa mgongoni kabla mgongo haujalalamika. Mama akisogea kidogo tu kwenye kiti, cherehani ilinyamaza, na kichwa cha fundi kilitokeza mlangoni kuuliza anataka nini. Mara nyingi hakutaka kitu. Ikafika mahali akawa anakaa bila kutikisika, ili tu asikie cherehani ikiendelea.

Kati ya waliokuja kumwona alikuwapo mwalimu wa useremala wa chuo cha ufundi. Mita ya chuo ilikuwa nyuma ya karakana yake, na kwa miaka yote ile mama alipoinama kuisoma aliiona, kupitia dirishani, mashua nyembamba ya mbao imening'inizwa darini. Kayaki, mwalimu alimwambia siku moja: chombo cha mtu mmoja, kimefunikwa juu, katikati kina tundu la kukalia, na unakiendesha kwa kafi lenye bapa huku na huku. Sasa, chai ikiwa mkononi, mama alimuuliza kama chombo kile kinahitaji miguu.

Mwalimu alijaribu kupiga kafi hewani kwa mikono mitupu, akijisikiliza kiuno.

"Kazi ni ya mabega na kiuno," alisema mwishowe. "Mguu unasaidia kujikaza kidogo. Zaidi ya hapo, ndani ya kayaki mguu ni abiria tu."

Mama alimwomba amfundishe kuitengeneza. Si kumtengenezea, hilo alilirudia mara mbili ili fundi, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti na birika, alisikie pia. Mwalimu alimkaribisha karakana, mama akakataa. Huko angebebwa kila siku kama gunia. Alikuwa ameshapima: korido ya nyumba yao ilinyooka kutoka mlango wa mbele hadi jikoni, na kayaki ingelala humo na kutoka bila kupinda popote. Kuta za pande zote mbili zingemfaa kushikilia.

Hivyo korido ikawa karakana. Mwalimu alileta kalibu zake za plaiwudi, vipande mfano wa mkate uliokatwa slesi, vidogo kwenye ncha na vinene katikati. Walizipanga wima juu ya boriti moja ndefu, wakazivutia uzi hadi zote zikawa mstari mmoja. Juu yake zingepigwa fito, mbao nyepesi zilizopasuliwa nyembamba kama rula, ufito juu ya ufito. Kila ufito ulikuwa na ukingo mmoja uliochimbwa kama kijifereji na mwingine uliochongwa mviringo, ili wa juu ujikalie ndani ya wa chini. Mwalimu alimwonyesha fito chache za kwanza, akaondoka, akawa anapita wikiendi kukagua.

Tangu hapo kwenda jikoni kulihitaji kupita kiubavu. Wifi, ambaye umbo lake si la kupita kiubavu, alikwama siku ya kwanza kati ya kayaki na ukuta, akauliza kama ndugu yake amekosa pesa za jeneza hadi mkewe ameamua kujichongea mwenyewe. Mama alicheka mpaka gundi ikamdondokea kwenye gauni. Fundi hakucheka.

Mama alifanya kazi ameketi kwenye stuli yenye magurudumu, akijisukuma kwa mguu wa kulia na kujivuta kwa kalibu. Penye mpindo mkali aliuloweka ufito, akaufunika kitambaa kibichi na kuupitishia pasi ya mumewe hadi ukalegea. Fito za mwanzo zilimvunjikia mikononi. Mwingine aliupaka gundi, akaubana, asubuhi akakuta ameubandika juu chini. Aliung'oa, akaanza upya. Ufito haukumwonea huruma, na hicho ndicho alichokipenda. Ukiukata vibaya unakataa kukaa. Ukiukata sawasawa unaingia kwa mlio mdogo mkavu, bila kukuuliza umeamkaje leo. Kulikuwa na saa nzima zilizopita bila kukumbuka mguu.

Sharti lilikuwa moja: hakuna mwingine wa kugusa. Fundi alilishika kwa shida. Alisimama mlangoni mwa sebule na shati la mteja mkononi, akimtazama mkewe akinyoosha mkono kuifikia klampu ya kubania fito iliyoanguka, na vidole vyake vilikuwa vinajikunja vyenyewe.

Siku tumbo la kayaki lilipokamilika, likiwa limebaki kupigwa msasa, wifi alimpeleka mama kliniki kupimwa mguu wa bandia. Fundi alibaki peke yake. Alitaka kumshangaza. Aliazima kwa jirani mashine ya msasa ya umeme, akalilainisha tumbo lote kwa mapenzi, na alipoona sehemu inazidi kung'aa alizidi kukandamiza.

Mama aliporudi alimkuta amesimama koridoni, mweupe kuanzia nyusi hadi ndala, kama aliyetoka mashine ya kusaga. Alikuwa anatabasamu. Mama alipitisha kiganja juu ya mbao, polepole, hadi karibu na mkia, pale kiganja kilipozama kidogo. Aliwasha tochi ya simu akaiingiza kwa chini. Mwanga ulipenya kwenye fito mbili kama unavyopenya kwenye karatasi.

Wifi, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya familia, alikosa la kusema, akaenda zake.

"Nilitaka upumzike," fundi alisema.

Mama alikaa kwenye stuli. Alisema bila kupandisha sauti, na ndiyo maana fundi hakuyasahau maneno yale.

"Mguu walinikata madaktari, baba watoto. Sikuwalaumu. Lakini mikono, unanikata wewe."

Fundi alifagia vumbi lote, akairudisha mashine kwa jirani, na kesho yake akabeba cherehani kichwani kuipeleka kibandani sokoni. Hakwenda kwa hasira, wala mama hakuona kama amemfukuza. Ila hakuna kati yao aliyejua jambo lile liitwe nini, basi wakaliacha bila jina. Fundi aliondoka asubuhi, akarudi jioni, wakala wakiongelea bei ya vitunguu.

Nyumba ilikuwa kimya sana. Mama alikuwa ameutamani ukimya huo, na ulipokuja ulimtisha. Siku moja gurudumu la stuli lilikanyaga kipande cha mbao, akaanguka chali sakafuni, kati ya kayaki na ukuta. Hakuumia. Alingoja kusikia cherehani ikinyamaza, kisha akakumbuka hakuna cherehani. Alilala pale akizitazama kalibu kwa chini, na kwa mara ya kwanza alijiuliza mumewe aliisikiaje nyumba hii siku zile yeye mwenyewe alipokuwa hospitali, usingizini baada ya kukatwa, na mumewe ameambiwa asubiri. Kisha akashika boriti, akajivuta mpaka akakaa, akajivuta tena mpaka akasimama. Jioni hakumsimulia.

Fito mbili zile alizikata akazitoa. Hakuwa na mbao za rangi ileile, hivyo aliziba kwa nyeusi zaidi, akazikwangua kwa randa ndogo na msasa wa mkono hadi kiganja kikapita bila kukwama. Kovu lilionekana waziwazi. Mwalimu alisema ni kazi safi.

Lakini alimwonya kuhusu kazi iliyofuata. Tumbo lote lilitakiwa kuvikwa kitambaa cha nyuzi za kioo, kisha kumiminiwa gundi ya majimaji iliyochanganywa na kigumishi. Ikishachanganywa, haikungoji. Kitambaa kikijikunja au kikinasa hewa, mkunjo unagandia humo milele. Si kazi ya mtu mmoja, na mwalimu mwenyewe alikuwa na mitihani ya wanafunzi wiki hiyo.

Mama alivaa mguu wa bandia uliokuwa bado unamchubua, akachukua magongo, akaenda sokoni kwa njia ya barabarani. Alipumzika mara kadhaa. Watu walimpisha. Alipofika kibandani, fundi alikuwa na pini mdomoni, na alipomwona nusura azimeze. Mkono wake ulianza kunyanyuka kumvutia kiti. Mama aliuona ukinyanyuka, akauona ukirudi chini.

"Nina kitambaa kinanishinda," alisema.

Fundi alitoa pini mdomoni moja moja. "Ukinipa kazi nitaiharibu tena. Mimi nikikuona unahangaika akili inaruka."

"Sikuja kutafuta mume wa kunisaidia. Nimekuja kutafuta fundi. Kitambaa kinatakiwa kukaa kwenye mpindo bila mkunjo, na mimi mkono huo sina."

Aliuliza kitambaa kinavutika upande upi. Mama hakujua. Fundi akafunga kibanda.

Kazi hiyo waliifanya Jumamosi, milango yote miwili imefunguliwa, vitambaa vimewafunika pua. Mama alimimina na kutandaza kwa bapa la plastiki. Fundi alikwenda mbele yake akikivuta kitambaa kwa ncha za vidole, akikichana kidogo penye ncha, akikilaza mshazari kama anavyolaza bega la koti. Hawakuongea ila maneno ya kazi: vuta, acha, huku kuna povu. Kitambaa cheupe kilipolowa kilitoweka machoni, na mbao ikatokea chini yake, nyekundu na nzito kwa rangi, pamoja na lile kovu jeusi. Walipomaliza fundi alikaa sakafuni akiegemea ukuta.

"Ile siku walipokuingiza chumba cha upasuaji," alisema, "nesi alinipa kiatu chako nikishike. Kimoja. Sikujua nikiweke wapi. Tangu hapo naogopa kukaa bila kushika kitu chako."

Mama akamwambia kuhusu siku aliyoanguka, yote, na namna alivyojiinua mwenyewe. Fundi alisikiliza hadi mwisho bila kuinuka.

Mfuniko wa juu na tundu la kukalia vilipokamilika navyo, waliipeleka kayaki kwenye ziwa dogo nje ya mji, juu ya pikapu ya mwalimu. Mara ya kwanza ilimpindua palepale ukingoni. Fundi, asiyejua kuogelea, aliingia na viatu hadi kifuani, akamkuta mama anaelea kwenye jaketi la maboya, anacheka na kutema maji. Uzito wa mguu mmoja ulikuwa unaiegemeza upande wa kulia. Nyumbani mama alipiga hesabu ya uzito, fundi akashona mfuko mrefu wa turubai, wakaujaza mchanga na kuufunga sawasawa upande wa kushoto.

Safari ya pili kayaki ilisimama. Mama alipiga kafi kulia, kushoto, mara ya tatu akaacha kuhesabu. Maji yalipita pembeni mwake kwa mlio wa kitambaa kikipasuliwa. Alipita bata, akapita matete, akazunguka kijirasi na kutoweka. Fundi alibaki amesimama na taulo. Aliikunja, akaikunjua. Mwishowe akaketi.

Aliporudi jua lilikuwa limeshapoa, mabega yanamtetemeka kwa uchovu. Aliisogeza kayaki hadi ikagusa mchanga, akamnyooshea mumewe mikono yote miwili.

"Nipokee," alisema, naye akampokea.

Njiani kurudi mama alizungumza bila kupumua. Nyuma ya rasi kulikuwa na nyumba ya bati nyekundu isiyo na barabara ya kuifikia. Kulikuwa na mzee amelala kwenye ngalawa yake na redio kifuani. Kulikuwa na ndege wa buluu ambaye hakujua jina lake. Fundi aliuliza nyumba ile ina watu, mzee alikuwa amelala kweli au vipi, ndege alikuwa na ukubwa gani. Kwa muda mrefu walikuwa wameshinda pamoja mchana kutwa, wakijuana kila hatua, na hakuna aliyekuwa na habari ya kumpa mwenzake. Pikapu ilisimama mbele ya nyumba, mwalimu akazima injini, na wao wakaendelea kukaa, mama akiwa hajafika bado kwenye habari ya mamba ambaye aligeuka kuwa gogo.