Santuri ya Mmarekani ilivyowatoa wakataji boriti mikokoni, wiki ya arusi yangu

Wakuu, hamjambo humu ndani. Wenye umri wangu sidhani kama mpo, kwa hiyo shikamoo zenu nazipokea zote kwa pamoja.

Nimeona vijana wanabishana kuhusu albamu na singo za muziki wa kantri, nikacheka peke yangu. Nami nina kisa changu cha kantri, kutoka delta ya Rufiji, Mwingereza akiwa bado anatutawala. Sitii chumvi. Kilinipata mwenyewe.

Kwanza niwaeleweshe jambo, msije mkapotea njiani.

Wakati huo singo ilikuwa santuri moja nyeusi, wimbo upande huu na wimbo upande ule, basi. Albamu ilikuwa kitabu kweli: jalada gumu, na mahali pa kurasa kuna mifuko ya karatasi, kila mfuko na santuri yake. Ukikiangusha, umelia.

Kaka yangu Seif alikuwa utingo wa lori la Dar na Kibiti. Pale Kibiti kulikuwa na duka lenye gramafoni, na mwenye duka alipenda kupiga singo mbili za mwimbaji mmoja wa Marekani, mvaa kofia pana. Nilizisikia siku niliyokwenda na mama kununua kanga za arusi.

Jamani! Katikati ya wimbo yule bwana anaivunja sauti, inaruka juu, inashuka, inaruka tena. Mwili ulinisisimka. Nikamwambia Seif, "Kaka, siku nikitolewa nje, nataka aimbe huyu."

Seif hakunibishia. Albamu ya yule bwana ilipofika dukani akainunua nzima, akaazima na gramafoni, akaja navyo kisiwani kwetu kwa mtumbwi, amevikumbatia kama mtoto mchanga.

Baba akakataa.

"Arusi yangu ina ngoma na ina maulidi. Huyo mzungu wa kwenye sahani kaalikwa na nani?"

Mama akamsihi, baba akalegea kidogo. "Haya, piga mmoja niusikie. Usiponiingia, kitabu chako kinarudi Kibiti leo leo."

Mimi nilikuwa chumbani, maana mwali wa arusi hatoki. Nikabandika jicho kwenye upenyo wa dirisha. Arusi yangu yote niliiona iko pale barazani, kwenye ncha ya ile sindano.

Seif akazungusha mpini. Yule bwana akaanza taratibu, gitaa linamfuata nyuma. Baba kakunja uso. Ikafika ile sehemu ya kuvunja sauti.

Tukasikia mtu anaitikia kutoka mikokoni.

Hapa tulieni niwaeleze. Wanaume wa kwetu walikuwa wakikata boriti za mikoko. Maji yakipwa wanaingia matopeni, na mle ndani watu hawaonani. Mmoja akikwama, au shoka likimpata, anaita kwa sauti ya juu inayovunjikavunjika. Ukiisikia, unaitikia, unatupa shoka, unakwenda. Hakuna kuuliza.

Sasa Mmarekani anaita, mikoko inaitika. Seif akadhani wanafurahia, akaurudia wimbo kutoka mwanzo!

Mara mitumbwi hiyo, makasia yanakimbizana, wanaume wana tope mpaka kifuani. Mkubwa wao, Mzee Mkumba, akaruka pwani. "Nani kakwama? Yuko wapi?"

Baba akaelekeza kidole kwenye gramafoni. "Huyo hapo."

Mzee Mkumba akaizunguka, akainama, akachungulia ndani ya ile pembe ya sauti. "Kakwama humu?"

Niliuma kanga nisicheke. Lakini wenzake hawakucheka. Maji yalikuwa yameanza kujaa, na boriti walizoziacha hazijafungwa, nyingine zitachukuliwa. Na sheria ya wakataji ilijulikana: anayeita bure huwabebea boriti wote waliomwitikia, kutoka matopeni mpaka pa kupakilia.

"Aliyeita ni Mmarekani," Seif akajitetea.

"Mwite aje abebe," akasema mmoja.

"Aa, utingo yupo!" akadakia mwingine. "Kubeba si ndiyo kazi yake?"

Nikajua albamu yangu imekwenda. Seif akaanza kuvua shati, kanyong'onyea.

Baba akainuka. "Vaa shati lako. Niliyesema upigwe ni mimi. Kesho nitabeba mimi."

Mzee Mkumba akasema, "Ndugu yangu, una arusi keshokutwa."

"Ndiyo maana nabeba kesho."

Kisha akamgeukia Seif. "Zungusha tena. Kelele za hawa zimenikosesha mwisho wake."

Wakuu, nilipiga kigelegele ndani kwa ndani! Wale wanaume wakasimama na tope lao, wakausikiliza wote. Ulipokwisha, Mzee Mkumba akatikisa kichwa. "Huyu kakwama kweli."

"Kakwama kwa mwanamke," akasema mwenzake, na hapo baraza zima likacheka, baba naye.

Kesho yake baba akabeba. Mama alimwona akirudi, akaniambia Mzee Mkumba alishika ncha ya pili ya kila boriti, ingawa sheria haikumtaka.

Siku ya arusi nikatolewa nje, Seif akaweka santuri. Yule bwana alipoivunja sauti, uwanja mzima ukamwitikia kwa pamoja! Wakwe zangu wa Mtunda, watu wa mashamba, waliruka kwenye mikeka wakidhani kuna msiba. Na sauti iliyotangulia kuitikia, mbele ya wakataji wote, ilikuwa ya baba.

Nilichojifunza nawaachia, hasa ninyi vijana. Ukipenda kitu kipya, usichoke kuwaeleza wazee wako, ila wape pia nafasi wakisikie wenyewe. Wanaweza kukisikia kwa namna usiyoijua wewe.

Haya, zamu yenu. Nyumbani kwenu, ni muziki gani wazee waliukataa, halafu wakaupenda kukuzidi? Andikeni. Nasoma polepole, lakini nasoma zote.