Mbwa wa Alhamisi na Kopo la Udongo

Mwaka wa sabini na mbili, barabara ya kutoka Rumonge kwenda Bujumbura ilikuwa na barieri nyingi za askari kuliko madaraja, na mwenye akili alikaa kwake. Kwa hiyo muganga wa dispansari ya misheni aliponiambia kwamba dada yangu asipoanza kula watampandisha Bujumbura, sikusikia habari ya matibabu. Nilisikia barieri.

Dada, mkubwa wangu, alikuwa amelala kitanda cha dirishani tangu mumewe aende Gatete kuchukua mawese asirudi. Hakuwa na homa wala jeraha. Alifumba mdomo tu. Nilikwenda asubuhi na uji, jioni na ndagala wa kukaanga, nikarudi nyumbani na vyote viwili. Mimi ni mtu wa soko, namjua mteja anayenyamaza ili ushushe bei. Dada hakuwa anataka nishushe chochote.

Ndipo akaingilia kati jirani yangu, mjane kutoka upande wa Uvira, mkamuaji wa mawese na mwimbaji wa kanisani. Yeye na mwenzake mmoja wa kwaya walikuwa na mbwa, na kila Alhamisi waliwaogesha kwa sabuni ya mawese wakawapeleka kwa wagonjwa. Siku nyingine waliwapeleka shuleni, kwa watoto walioanza kushtuka kila mlango ukigongwa, au kwa wazee waliotunzwa na masista. Hawakulipwa na mtu. Nilipiga hesabu ya kazi hiyo mara mbili nikitafuta faida iko wapi, sikuiona, nikazidi kuwashuku.

"Acha nimupelekee dada yako huyu mbwa," akaniambia.

Nikamkumbusha sisi ni Waislamu. Mbwa akikulamba unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Si zawadi ya kumpelekea mgonjwa. Akasema anajua, tumekaa ukuta kwa ukuta, ndoo zetu anazisikia. Basi tukaanza kupatana hapo hapo uani. Mimi nilianzia kizingitini: mbwa asikivuke. Yeye akaanzia kwenye mto. Nikapanda hadi katikati ya wodi, akashuka hadi kifuani. Mwisho tuliafikiana miguuni pa kitanda, kamba mkononi, na mdomo wa mbwa uelekee ukutani.

"Habari ya mdomo, patana na mbwa mwenyewe, shehe," akasema.

Alhamisi ile niliwahi. Nilipima kwa macho kutoka miguuni pa kitanda hadi kwenye mkono wa dada, nikapima tena, nikaona mahali ni pa kutosha. Mbwa akaingia, mwekundu, mkondefu, ananukia sabuni kuliko sisi wote. Akakaa alipoambiwa. Dada hakumtazama.

Kisha kukasikika kamyo la askari. Wodi nzima ikatulia, hata mtoto aliyekuwa akilia. Lile gari likapunguza mwendo mbele ya lango, likasimama na injini yake ikinguruma. Nilikuwa natafuta pa kuweka mikono yangu nilipoona mbwa anatetemeka. Akaichomoa kamba mkononi mwa jirani, akapita palepale nilipopima, akatia kichwa chake chini ya mkono wa dada. Ule mkono, uliokuwa haushiki hata kijiko, ukamfunika masikio.

Kamyo likaondoka. Mbwa akamlamba dada vidole, vyote.

Nilikimbia kuchota udongo chini ya mchikichi, nikaleta ndoo na beseni, nikaanza kumwosha huku nahesabu kwa sauti. Nilipofika saba nikaweka kata chini.

"Sita," dada akasema.

Sauti ilikwaruza, ya mtu asiyeitumia siku nyingi. Nami, badala ya kumshukuru Mungu, nikambishia. Nikamwambia nimehesabu vizuri.

"Ya tatu ulimwagia shuka. Hiyo haihesabiwi. Na usimufukuze mbwa, ameogopa."

Jirani alikuwa anatazama dari, midomo ameibana. Mimi nikaiona nafasi. Nikaiinua kata, ikiwa na maji, nikamwambia dada kwamba ya saba ninayo hapa mkononi, ila uji uko pale kwenye bakuli, nao uanze kwanza.

Alinitazama kama anavyotazamwa mwenye mzani mbovu. Mkono wake ulikuwa bado una najisi, na sala ya adhuhuri ilikuwa inakaribia. Akaniashiria nimshikie bakuli. Akanywa polepole, akitulia kila gari lilipopita, hata baiskeli. Nilipoona bakuli ni tupu, nikamwaga ya saba.

Wiki ile muganga hakuitaja Bujumbura. Sikumwuliza, nisije nikamkumbusha.

Alhamisi iliyofuata nilikuta chini ya kitanda kopo la udongo mkavu, umechekechwa vizuri. Dada alikuwa amemwomba mfagiaji wa wodi amletee. Jirani alipoingia na mbwa, dada alijisogeza ukutani kumwachia nafasi, kisha akaninyooshea kidole, niende nikajaze ndoo.