Selotepu Juu ya Namba

Watu wengi hudhani kazi ya Nyaraka za Taifa ni kazi ya kusinzia. Karatasi hazigombi, hazilii, hazitaki kubembelezwa; saa kumi ikifika unafunga mlango unarudi kwako. Haya, na waje wakae siku moja tu kwenye kile chumba cha ukarabati nyuma ya jengo. Wainamie meza tangu asubuhi, watoe pini zenye kutu moja moja kwa kisu butu, wapike uji wa wanga, wabandike karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu juu ya barua iliyoliwa na mchwa, halafu tuone kama shingo zitawanyooka. Mtu waliyemwita Fundi alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na mitano. Shingo yake ilishainama moja kwa moja, hata akisimama kukusalimia ungedhani anatafuta kitu kilichomdondoka.

Alikuwa mkali, hilo tusifichane. Kwenye chumba cha kusomea ni penseli tu, hakuna wino, hakuna chupa ya maji, hakuna kulamba kidole ili ufunue ukurasa. Siku moja msomi mmoja mwenye tai alilamba kidole, na Fundi, aliyekuwa anapita tu, akalichukua jalada mikononi mwake akamwambia kwa upole kwamba karatasi ile imemzidi umri, aipe heshima yake. Nyumbani mkewe alikuwa akimcheka kwamba anaunga barua za watu waliokwisha kufa, na mlango wa jikoni wa walio hai umening'inia kwenye bawaba moja tangu juzi na jana. Fundi alimjibu kwamba mlango utanunuliwa mwingine, barua hainunuliki. Na ukutani sebuleni kilining'inia cheti cha mfanyakazi bora, alichopewa mwaka wake wa pili kazini. Wageni walikisifu. Yeye alikuwa hakitazami.

Maana cheti kile alikipata kwa kosa, na kosa lenyewe alilijua yeye peke yake.

Mwaka huo gereza kuu lilileta madaftari yake ya zamani, la vifo likiwemo, yamo ndani ya magunia, migongo imevunjika, kurasa zimechanika pembeni. Wakaguzi walikuwa waje baada ya siku tatu. Unga wa wanga ulikuwa umekwisha, na karatasi ya kukarabatia imekwama bandarini. Basi Fundi, kijana wa miaka ishirini na minne, damu inachemka, akaenda dukani akarudi na selotepu. Siku tatu akabandika. Kurasa zikang'aa, zikakaza, ukizifunua zinalia kama mpya. Mkubwa wa wakati ule akapitisha kidole juu yake akasema kijana huyu atafika mbali.

Alifika, lakini kwanza alifika mafunzoni miaka miwili baadaye, na huko akasikia kwamba selotepu ni sumu ya karatasi. Gundi yake hunywewa na karatasi taratibu, hugeuka kahawia, huula wino, na mwishowe ukiibandua unabandua na maneno. Alirudi na nia ya kusema. Akafika mpaka mlangoni kwa mkubwa, akasimama, akarudi. Madaftari ya gereza yalikuwa yamefungiwa kwa sheria miaka arobaini tangu kuandikwa, haruhusiwi mtu kuyasoma, nani atayaona? Mficha uchi hazai, na methali hiyo hakuna aliyeijua kuliko yeye, lakini aibu ina nguvu, jamani. Akanyamaza. Kuanzia siku hiyo hakuyagusa tena yale madaftari.

Miaka arobaini ikatimia. Ikatimia mwaka mbaya, maana mwaka huo huo ardhi ya gereza ilitolewa ili kujengwa maghala, pamoja na makaburi ya wafungwa yaliyokuwa nyuma ya ukuta. Tangazo likabandikwa: mwenye mtu wake pale aje amhamishe kabla mwezi haujaisha, na aje na nakala ya ukurasa wa daftari la vifo, yenye muhuri wa Nyaraka za Taifa, ionyeshayo namba ya kigingi. Makaburi yale hayakuwa na majina. Yalikuwa na vigingi vya saruji vyenye namba zisizofuata tarehe za mazishi, zaidi ya mia tatu, na jina la nani yuko chini ya kigingi kipi lilikuwa kwenye daftari lile tu, si penginepo.

Watu wakaja. Msimamizi wa chumba cha kusomea, mama mmoja mchapakazi, aliwajazisha fomu, akawafungulia ukurasa, akauskani, akagonga muhuri, na watu wakatoka wanalia lakini namba wanayo mkononi. Fundi alijibanza kwenye chumba chake cha nyuma. Kila daftari lile lilipoitwa alitega sikio mlangoni. Lakini siku zilipita, kurasa zilizoombwa zikawa zile za katikati, nzima, zisizo na mkono wake, na akaanza kuamini kwamba Mungu amemsitiri.

Zikiwa zimebaki siku kumi akaingia mama mmoja wa miaka sabini na sita, na mfuko wa plastiki wenye barua kumi na moja. Zote zilikuwa majibu kutoka Nyaraka za Taifa, za miaka mbalimbali, na zote zilisema asubiri. Alimtafuta mdogo wake, kitinda mimba wao. Mama yao alikufa kwa uzazi ule, kwa hiyo mtoto alilelewa na dada yake. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha uji, akampeleka shule. Akakua, akawa karani wa kiwanda. Kukatokea mgomo, akachukuliwa Jumatatu asubuhi na shati lake la kazi, na baada ya miezi mitano ikaja karatasi: amefariki kwa maradhi, amezikwa. Amezikwa wapi, karatasi haikusema. Mama huyu alimweleza msimamizi kwamba hataki kuombwa radhi na hataki fidia. Ubavuni mwa kaburi la mama yao kuna nafasi, na anataka mtoto alale pale kabla yeye mwenyewe hajafa.

Msimamizi akafungua ukurasa. Jina lilikuwepo, safi, limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Tarehe ilikuwepo. Maradhi yalikuwepo. Na pembeni kulia, juu ya safu nzima ya namba, kulikuwa na utepe wa kahawia kama chai ya rangi, kutoka juu mpaka chini.

Akalibeba daftari mpaka chumba cha nyuma, akamuuliza Mzee Fundi ni mjinga gani aliyefanya kazi hii. Fundi akasema aliache hapo, atatazama. Mlango ulipofungwa akakaa.

Siku mbili alihangaika na ukurasa ule. Alipasha moto kisu butu akaugusa utepe kwa juu kabisa, ukainuka upana wa kidole, na namba ya mfungwa mmoja ikainuka nao, ikakaa kwenye gundi kidogo, ikawa doa. Akaacha. Mtu mwingine kampoteza hivi hivi anaona. Akaliweka daftari juu ya kioo chenye taa kwa chini: penye jina la mdogo wake yule mama kulionekana mstari mmoja uliosimama, labda moja, kisha kiza. Akaskani kwa kila rangi ambayo mashine iliijua. Akapiga simu gerezani, wakamwambia nakala pekee ni ile waliyoileta wao kwenye magunia. Akahesabu vigingi vyote vinavyoanza na moja: moja, kumi mpaka kumi na tisa, mia moja mpaka mia moja tisini na tisa. Mia moja na kumi na moja. Alilia, na mwanamume wa miaka hamsini na minane akilia peke yake juu ya meza ya kazi si jambo la kutazama.

Siku ya tatu msimamizi aliingia akafunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kumwona yule mama amekaa pale tangu mlango unafunguliwa, hasomi, anangoja. Akasema kwa sauti ya chini kwamba Mzee Fundi aandike namba yoyote kati ya hizo, yeye atagonga muhuri. Mama atazika, atatulia. Mifupa haisemi.

Fundi akachukua penseli. Akaandika moja, akaandika nne, mkono ukakataa. Aliyelala chini ya namba hiyo naye alikuwa na dada mahali fulani, na siku dada huyo atakapokuja na barua zake atakuta shimo. Akafuta, akapuliza vumbi la kifutio, akamwambia msimamizi amwache aende mwenyewe.

Angeweza kusingizia umri wa karatasi. Angeweza kusingizia mchwa. Katika ofisi za serikali mchwa wamebebeshwa mengi. Akavuta kiti, akakaa mbele ya yule mama, akamweleza yote, selotepu, wakaguzi, cheti, mafunzo, mlango wa mkubwa aliosimama mbele yake akarudi. Akamwambia namba imekufa. Akamwambia aliyeiua ni yeye.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Fundi alitamani angepiga kelele.

"Uliibandika kwa mkono wako?" akauliza.

"Kwa mkono wangu, mama."

"Siku hiyo namba ilikuwa inasomeka?"

"Ilikuwa inasomeka vizuri."

"Uliiona?"

Hapo ndipo angeweza kusema hapana, na nani angembishia? Lakini aliiona. Alizipanga zile pembe zilizochanika tarakimu kwa tarakimu, asije akaunga namba ya huyu na ya yule.

"Niliiona, mama."

"Basi ikumbuke, mwanangu."

Fundi akamwambia imepita miaka thelathini na minne, na kurasa zilikuwa mia nne. Mama akasema yeye miaka yake ni arobaini, na hajasahau hata vifungo vya lile shati. Akaweka mfuko wake wa barua mapajani, akatulia.

Akawa anakuja kila siku. Mlango ukifunguliwa yumo, na Fundi alikuwa akiacha kazi zake anakwenda kukaa naye, kwa kuwa kukaa chumba cha nyuma huku akijua yuko pale kulimshinda. Alifumba macho. Aliiona roli ya selotepu, aliona meno ya kile kikatio, alisikia hata harufu ya gundi. Aliona kidole gumba chake mwenyewe, cha ujana, kinapita juu ya karatasi kinatoa mapovu ya hewa, na chini ya kidole kile ilikuwepo namba. Kidole hakikuondoka. Mkewe alimwona amekonda akamwuliza nini kinamla, akamjibu ni kazi tu. Mara mbili aliruka kitini, mara moja kwa mia na sita, mara moja kwa kumi na saba, na mara zote mbili mama alimtazama usoni akamwuliza, "Una hakika?" na yeye akakaa chini.

Siku ya mwisho wa mwezi, saa kumi, msimamizi alizima taa za upande wa madirisha. Mama akainuka kwa kushika meza, akakusanya barua zake, akasema kesho atakuja tena.

"Mama," Fundi akasema, "kesho wanaanza kuchimba."

"Najua," akasema yule mama. "Wao wachimbe. Wewe kumbuka."