Nuru Katika Chombo Kitupu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mbeya, Mkuu wa Karakana alinipa kitambaa na lenzi moja. "Mama Neema, ukiifuta bila kuacha alama, kazi umepata." Niliifuta asubuhi nzima. Miaka mingi baadaye nikahamishiwa Iringa, kwenye maabara ya atomu baridi, niwe fundi wa leza.

Tulikuwa na chombo cha kioo kilichonyonywa hewa yote. Ndani yake leza zilipoza atomu mpaka zikakaribia kusimama kabisa. Miale ilipokutana ilifanya wavu wa mwanga, kila atomu ikakaa kwenye tundu lake. Tulizipanga ziige nguvu inayofunga chembe zilizo ndani kabisa ya kiini cha atomu, ambazo hakuna aliyewahi kuona hata moja ikiwa peke yake. Ukizitenganisha mbili, uzi wa nguvu unaoziunganisha hukatika, na pale palipokuwa patupu huzaliwa nyingine mbili. Nilipoliona hilo kwenye skrini, niliomba turudie jaribio.

Mchana mmoja nilipiga picha ya chombo kikiwa kitupu, kama tulivyozoea kabla ya kuanza kazi. Ilipaswa kuwa nyeusi tupu. Kulikuwa na nuru mbili.

"Futa," alisema Mkuu wa Maabara, tuliyemwita Daktari. "Wakaguzi wanakuja Jumatatu."

"Nimeshaandika kwenye daftari, Daktari."

"Basi chana huo ukurasa."

Sikuchana. Wiki nzima hakuitikia salamu yangu. Wakaguzi waliposoma, walitusimamisha, tukafungua mtambo kipande kwa kipande. Kifuniko cha leza moja kilikuwa hakifungi vizuri, mwanga unavuja. Matokeo ya miezi mingi yakatupwa. Daktari alikaa sakafuni, kajishika kichwa.

Tukaweka kifuniko kipya. Nilizima leza zote, nikachomoa nyaya zake kwa mkono wangu, nikapiga picha. Nuru moja ilikuwa imeondoka. Nyingine ilikuwa palepale.

Daktari alilichukua daftari akaandika mwenyewe: "Ipo. Sababu haijulikani." Akatia sahihi chini ya jina langu.

Niliipima mpaka siku ya kustaafu. Kila mwezi ilikuwa kubwa kidogo, kama kitu kinachosogelea kamera. Sasa nalima njegere kijijini Igowole, na binti aliyepokea kazi yangu hunipigia simu kila Ijumaa kunisomea kipimo. Ijumaa iliyopita hakusoma.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Hivi wewe ukiipima, ulikuwa unahisi uko peke yako mle maabara?"